Tanuru la Akiba

Lamèque, 14 Oktoba 2018

Shemeji Onésime,

Salamu kutoka kisiwani. Natumaini nyonga yako inaunga vizuri na Rose-Alma hakunyimi chumvi kama alivyoapa. Ningekupigia simu, lakini simu ya huyo binti yako iko jikoni na sikio lako la kushoto limekufa, kwa hiyo kila nikikuuliza jambo nyumba nzima ya Moncton inanijibu. Bora niandike.

Mwanangu Réal ameamua kwamba mama yake amezeeka. Kutoka huko Alberta aliko amenitumia vijana wawili wa Bathurst na pampu ya joto. Ni sanduku kubwa lenye feni, limekaa nje chini ya dirisha la jikoni, pale palipokuwa na maua yangu. Eti linachota joto kwenye hewa ya nje na kuliingiza ndani, hata kukiwa na baridi. Sikubishana nao. Lile tanuru la mafuta la kupashia nyumba joto, ulilolihudumia miaka yote, wameliacha kule chini. Wanasema sasa ni la akiba: pampu ikishindwa, tanuru linaingia kusaidia. Thamostati yetu ya zamani ya kupangia joto, ile ya duara uliyoifunga wewe mwaka aliozaliwa Réal, wameing'oa na kuitupa kwenye lori lao kabla sijafungua mdomo. Ukutani limebaki doa la duara, na katikati yake kioo cha mraba kinachowaka.

Sasa sikiliza. Kabla ya kulala naishusha hadi nyuzi kumi na tano, kama mama alivyotufundisha. Saa kumi na moja alfajiri naamka, naipandisha hadi ishirini. Mara tanuru linaunguruma chini ya miguu yangu, na kwenye kioo zinatokea herufi tatu: AUX. Nikasimama na gauni la kulalia nikisubiri imalize sentensi. Kwa Kifaransa chetu si ni "kwa" hiyo? Kwa nani? Kwa wagonjwa? Kwa majirani? "Kwa" peke yake haisimami. Nilisubiri mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi, haikuongeza neno.

Wameniachia na kitabu. Kifaransa chake kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuongea Kifaransa na binadamu mwenzake.

Niambie nifanye nini. Wewe ulilijua tanuru lile kuliko marehemu mume wangu Alphée, ambaye ukweli ni kwamba alikuwa analiogopa.

Nyumba yako ipo. Naipita kila Jumapili nikitoka misani. Ngazi uliyoanguka nayo bado imelala kwenye nyasi, hakuna aliyethubutu kuinyanyua.

Edmée Gionet


Moncton, 22 Oktoba 2018

Shemeji,

Barua yako imefika Ijumaa. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, jambo ambalo daktari amelikataza.

Kwanza hiyo AUX. Si sentensi. Ni neno la Kiingereza lililokatwa mkia, maana yake msaada. Waliotengeneza kioo hicho hawakuwaza kwamba kuna watu duniani ambao kwao hiyo ni "kwa". Nimecheka mpaka Rose-Alma akaja mbio na dawa ya kifua.

Pili, kosa ni lako, na ni kosa la kila nyumba ya huko kwetu. Sote tumelelewa kushusha moto tukienda kulala na kushusha tukienda misani. Kuacha nyumba ina joto na hakuna mtu ndani ni dhambi ya kupeleka kwa padri. Wakati wa kuni ilikuwa sawa, wakati wa mafuta ilikuwa sawa. Pampu haitaki hivyo. Pampu inafanya kazi kidogo kidogo kutwa nzima, haijui kukimbia. Ukiipa nyuzi tano za kupanda alfajiri, thamostati inaona haitafika upesi, basi inaamsha tanuru. Ulichookoa usiku unakichoma asubuhi kabla hujachemsha chai. Weka ishirini, ondoa mkono. Ukilala, ishirini. Ukienda misani, ishirini. Padri hatajua.

Tatu, ndani ya kioo hicho kuna ukurasa wa mafundi. Shikilia mshale wa juu na wa chini kwa pamoja, hesabu hadi tano. Zitatokea namba. Itafute ile ya joto la nje ambapo pampu inapumzika na tanuru linashika kazi. Naweza kuapa wale vijana wameiacha kama ilivyotoka kiwandani, nyuzi tano juu ya sifuri. Kwa hesabu hiyo tanuru lako litawaka kuanzia Novemba hadi Aprili, na pampu itabaki pambo la kukaliwa na paka. Lakini usibadilishe bado. Kuna kibati ubavuni mwa sanduku la nje. Niandikie kinasemaje. Nikijua ni pampu ya aina gani nitakupa namba.

Mimi naendelea vizuri. Natembea na fremu hadi sanduku la barua na kurudi. Daktari anasema Krismasi nitakuwa nyumbani. Ngazi iache hapo hapo, nitainyanyua mwenyewe.

Onésime Haché


Lamèque, 4 Novemba 2018

Onésime,

Maneno ya kibati nimeyanakili nyuma ya karatasi hii. Ilibidi nipige magoti kwenye matope, na mke wa jirani yangu Gilbert akapita, akaniuliza kama naliombea sanduku.

Usiku wa kwanza niliouacha moto kwenye ishirini nilijiona mharibifu. Sikupata usingizi. Lakini AUX haijatokea tena alfajiri, na nyumba imekuwa kimya mno. Tanuru lilikuwa na kelele, ila ilikuwa kelele kama ya mtu ndani ya nyumba. Sasa naamka, nasikia saa ya ukutani tu.

Kwenye ukurasa wa mafundi nimepotea kabisa. Nilishikilia mishale, nikahesabu hadi tano, nikabonyeza hapa na pale, na kioo kikaniambia nyumba yangu ina joto la sitini na nane. Nikafungua madirisha yote. Nilikuwa najiandaa kuita zimamoto ndipo nikaona pumzi yangu inatoka mdomoni kama mvuke. Tafadhali nieleze upya, polepole, kama unavyomweleza mtoto.

Jumatano tulicheza karata ukumbini. Kwenye kiti chako amewekwa kaka yake padri. Anazishika karata kama mtu anayekausha sahani. Tumeshindwa michezo yote na hata hakuona aibu.

Siku zimekuwa fupi. Saa kumi na nusu jioni watu wanawasha taa, na kule kwako ng'ambo ya shamba hakuwashwi kitu. Miaka yote nimekuwa nikiosha vyombo huku naitazama taa yako ya jikoni na sikujua kwamba naitazama. Nimejua mwaka huu.

Na acha hilo la shemeji. Alphée ana miaka tisa makaburini. Na yeye ndiye aliyekuwa rafiki yako wa utotoni, si mimi.

Edmée


Moncton, 12 Novemba 2018

Edmée,

Umeona, nimejaribu. Kalamu ilisita kidogo kisha ikaenda.

Nyumba yako haikuungua. Sitini na nane ni ishirini ile ile, kwa kipimo cha Wamarekani. Umegusa mstari wa kwanza. Rudi pale, bonyeza mshale wa chini mara moja, utaona herufi C. Iache na C yake.

Kibati kimenifurahisha. Pampu yako ni ya watu wa baridi. Inaweza kufanya kazi hadi ishirini na tano chini ya sifuri, ila kuanzia kumi na tano inachoka. Basi kwenye mstari wa sita weka kumi na tano chini ya sifuri. Juu ya hapo pampu ifanye kazi yenyewe. Chini ya hapo ilale, na tanuru lipokee zamu. Mstari wa saba utakuuliza pampu iruhusiwe kubaki nyuma kwa nyuzi ngapi kabla ya kuita msaada. Weka mbili. Ukiweka moja tu, tanuru litakuwa linaitwa kila ukifungua mlango kumtoa paka. Nimekuchorea kioo chote kwenye karatasi ya pili, na vidole vyangu nimevichora mahali pa kubonyeza. Kidole kinene ni gumba.

Palipoandikwa EM usiguse. Hapo ni pa dharura: panazima pampu kabisa na kuacha tanuru peke yake. Mtaani kwa Rose-Alma kuna mzee aliyepabonyeza Februari akaja kukumbuka Juni.

Nataka kukwambia jambo. Septemba iliyopita ndiyo ya kwanza tangu mwaka 1979 ambayo sikushuka kwenye chumba chako cha chini. Kubadilisha nozeli inayopulizia mafuta, kubadilisha filta, kusafisha jiko la ndani, hiyo ni kazi ya dakika arobaini. Kwako ilinichukua mchana mzima. Wewe hukuwahi kuuliza kwa nini. Alphée aliuliza mara moja tu, nikamwambia mafuta ya mwaka ule yana uchafu.

Kurudi kwangu kumesogea kidogo. Sio Krismasi, ni mwishoni mwa Januari. Nyonga imekuwa mvivu, na huku wananilisha vizuri.

Onésime


Lamèque, 9 Desemba 2018

Onésime Haché,

Mstari wa sita na wa saba nimeiweka. Inafanya kazi.

Alhamisi nilikuwa naosha vyombo nikaona gari kwenye ua wako. Mwanamke wa koti refu alikuwa anapima mlango wako wa mbele kwa utepe. Ijumaa kibao kimesimikwa kando ya barabara, na theluji haijakifunika bado, kwa hiyo kila mtu ameshakisoma: INAUZWA. Dukani wameniuliza bei mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye kujua. Nikasimama pale na mkate mkononi kama mjinga.

Uliniandikia kuhusu mzee wa Februari hadi Juni. Uliniandikia mpaka kidole gumba. Hili hukupata nafasi?

Ngazi wameichukua.

E. Gionet


Moncton, 17 Desemba 2018

Edmée,

Una haki ya kukasirika. Sitajitetea, nitaeleza tu, na karatasi hii nimeirudia mara tatu.

Nyonga haijaunga. Daktari alinionyesha picha yake mwezi wa kumi, siku mbili kabla sijakuandikia kuhusu Krismasi. Nitatembea na fremu mpaka mwisho, na ngazi za ndani sizipandi tena. Wewe unaijua nyumba yangu. Kitanda kiko juu, choo kiko juu, na joto lote linatoka kwenye jiko la kuni ambalo lazima mtu aliinamie. Mimi niliyewafungia watu wa kisiwa chetu na cha jirani matanuru yao nilibaki na kuni, kwa ubishi. Rose-Alma alilia alipoweka karatasi mbele yangu. Nikatia sahihi ili anyamaze. Hilo ndilo lililotokea, halina ukubwa mwingine.

Kwa nini sikukwambia. Kwa sababu ulikuwa unaniuliza kuhusu mashine. Mtu anayeuliza kuhusu mashine anatarajia fundi aje siku moja kuiona. Nikisema siji, utatafuta fundi wa Bathurst, na barua zitaisha. Nilitaka ziendelee mpaka angalau theluji iyeyuke.

Na sasa nitasema na lingine, kwa kuwa tumeanza. Ulifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye chumba cha kugandishia samaki kiwandani. Kila saa ulikuwa unasoma geji nane na kuziandika kwenye daftari, na mitambo yote ile maandishi yake Kiingereza. Mwaka ule kompresa kubwa ilipoanza kuugua ni wewe uliyeigundua kabla ya injinia. Mimi nilikuwepo, niliitwa kusaidia. Mwanamke huyo ndiye anayeniambia amefungua madirisha kwa sababu kioo kimeandika sitini na nane?

Nilijua tangu barua ile. Nikachukua karatasi nikakuchorea vidole.

Hapa nina chumba kizuri, kina zulia. Wajukuu wananiheshimu kama watu wanaoheshimu kabati. Kila asubuhi nakuwa na jambo la kumwambia mtu fulani, naangalia, mtu huyo hayupo, yuko Lamèque. Nimekukumbuka, Edmée. Nimeandika, na sifuti.

Onésime


Moncton, 6 Januari 2019

Edmée,

Heri ya mwaka mpya. Nilidhani pai yako ya nyama ingenifikia, kama kila mwaka, hata ya kutupiwa. Naona mwaka huu haipo.

Nimeandika mengi mno ile siku ya mwezi uliopita. Kama nilikuaibisha, chukulia ni maneno ya mtu aliyemeza vidonge vya maumivu. Ila sikuwa nimemeza.

Onésime


Moncton, 15 Januari 2019

Edmée,

Nyumba imenunuliwa. Ni mke na mume wa Montréal, wataitumia majira ya joto. Nimeona ujue kutoka kwangu safari hii.

Nakuandikia kwa sababu nyingine. Redio inasema Jumapili huko visiwani itashuka hadi ishirini na nane chini ya sifuri, na upepo juu yake. Nilikuwekea kumi na tano, kwa hiyo siku hiyo pampu italala na nyumba yote itabebwa na tanuru. Na Septemba sikulishughulikia. Filta yake ni ya mwaka juzi. Likikosa hewa litajizima lenyewe, halafu hakuna wa kulipokea. Filta mpya ziko kwenye rafu ya kushoto kule chini, nyuma ya makopo ya rangi, niliziacha mbili. Mshale wake uelekee kwenye feni. Baada ya hapo angalia kidirisha cha mwali wa moto: unatakiwa kuwa wa njano angavu. Ukiwa mwekundu na moshi, zima, nenda kwa Gilbert ukalale huko.

Barua hii nampa Gérald, mume wa Rose-Alma, anayepeleka mzigo Shippagan kesho. Ataipitisha mlangoni kwako. Nimemkataza asikusubiri ujibu.

Sihitaji majibu. Nataka tu uwe na joto.

Onésime


Lamèque, 22 Januari 2019

Onésime,

Nilishuka Alhamisi na tochi. Filta ilikuwa nyeusi kama viatu vya padri. Nimeweka mpya, mshale kwenye feni, nikafungua kidirisha na kuuangalia mwali, ni wa njano. Kazi yote dakika kumi na mbili, nilipima. Dakika kumi na mbili, Onésime. Na mimi nina miaka sabini na tatu na sikuwa na vifaa. Mafuta ya mwaka ule yalikuwa na uchafu wa namna gani, hebu niambie?

Jumapili ikashuka kweli. Misa iliahirishwa, gari la kuondoa theluji halikupita mpaka saa saba mchana. Kioo kikaandika AUX, na tanuru likaunguruma kutwa kucha bila kupumzika. Nilikaa jikoni nikalisikiliza. Nilikaa na barua zako zote mezani, nikazipanga kwa tarehe, nikazisoma kama mtu anayesoma shauri la mahakamani. Na nitakwambia nilichokiona. Nilichokiona ni watu wawili wazima wanaojificha nyuma ya thamostati.

Ulinikamata kuhusu ile sitini na nane. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilisoma mistari ile nikapata haya ya msichana, nikaiweka barua ndani ya sanduku la unga ili nisiione, na pai yako nikaila mwenyewe. Basi nikiri. Kushusha moto usiku kulikuwa kweli, sikujua. AUX ilikuwa kweli, nilisubiri sentensi. Mengine yote uongo. Ukurasa wa mafundi niliuelewa siku niliyopata barua yako, na namba nilikuwa nimeziweka mwenyewe kwa kukisoma kibati kabla hujanitumia mchoro. Sikufungua dirisha hata moja. Nilikuuliza ili uandike. Ningekuwa nimejua kuchora ningekuuliza na kuhusu jokofu.

Sasa nisikilize, maana hili silirudii, na nikilisema kwa simu Rose-Alma atasikia kabla yako.

Nyumba yangu unaijua chini kuliko juu, kwa hiyo nikukumbushe. Kile chumba cha kushonea kiko nyuma ya jikoni. Choo na bafu viko mlango wa pili, sakafu ile ile, hakuna ngazi hata moja. Cherehani nimeihamisha. Jumatatu Gilbert na mwanawe wamenisaidia kuteremsha kitanda kutoka juu, na mke wake alisimama mlangoni akauliza kitanda ni cha nani. Nikamwambia ni cha fundi. Sasa hivi kisiwa kizima kimeshajua, kwa hiyo usijisumbue kulinda jina langu. Nimempigia Réal pia. Akasema, mama, nilikutumia pampu nikidhani unasikia baridi. Nikamwambia nilikuwa nasikia.

Sikuombi uje kuangalia mashine. Mashine iko sawa. Sikuombi unioe, tutafikishana kaburini tukibishana jina gani liandikwe kwanza. Nakuomba uje ukae. Nakutaka hapa, kwenye kiti cha upande wa dirisha, ukinung'unika kuhusu chumvi. Nimekukumbuka tangu siku gari la wagonjwa lilipokuchukua, na kama nikisema ukweli wote, nimekukumbuka kila mwezi wa kumi kwa miaka thelathini na tisa, baada ya Septemba kuisha. Alphée nilimpenda. Hilo halikuzuia.

Chumba cha kushonea kina tundu lake la joto, na nimeweka pale kipimo kidogo kama vile vya kiwandani. Mimi nyumba naiweka ishirini, kama ulivyoamuru. Wewe unalala kwenye nyuzi ngapi? Nataka kujua nikupangie kabla hujafika. Usiponijibu nitaelewa, na sitakuuliza tena jambo lolote la mashine, maana uongo wangu umeisha.

Edmée


Moncton, 29 Januari 2019

Edmée,

Barua yako niliiacha mezani makusudi, Rose-Alma akaisoma. Alilia kidogo, kisha akauliza kama barabara ya Lamèque imesafishwa. Atanileta Jumamosi ya tarehe tisa. Nina mabegi mawili na fremu.

Umeniuliza swali, nalijibu kifundi. Maisha yangu yote nimelala kwenye kumi na sita, na dirisha wazi kidogo. Marehemu mke wangu alilia nalo hilo miaka arobaini, sikumsogezea hata nyuzi moja.

Iache kwenye ishirini. Nitazoea.

Onésime